Familia moja, mashirika matano: kushirikiana kunakwama wapi?

Tuanze na jambo ambalo kila aliyewahi kukaa karibu na kazi za watoto analijua ila kwenye ripoti huwa halisemwi sana: shida za familia zinakuja kwa mkupuo, msaada unakuja vipande vipande. Mtoto anayetoroka shule huenda ndo huyohuyo analala njaa, na baba yake kapotelea kwenye pombe, na mama ana msongo ambao hakuna mtu kawahi kumuuliza, na mdogo wake ana miaka mitatu hajaanza kuongea. Ni familia moja, paa moja. Ila kwa mashirika ya hiari huo ni mradi wa elimu, mradi wa lishe, mradi wa afya ya akili na mradi wa malezi ya awali, na kila mmoja una ofisi yake, mfadhili wake, fomu zake na tarehe yake ya kwisha.

Kwa hiyo watu wakisema mashirika yashirikiane, wanachoomba kwa kweli ni kwamba hivyo vipande viungwe na mtu mwingine ambaye sio yule mama. Maana kwa sasa, sehemu nyingi sana, anayefanya kazi ya kuunganisha ni yeye. Yeye ndo anabeba karatasi kutoka ofisi hii kwenda ofisi ile, yeye ndo anaeleza upya kila anapofika, yeye ndo anakumbuka nani aliahidi nini na lini. Ukitaka kujua kama ushirikiano wa mashirika fulani ni wa kweli au wa kwenye bango tu, achana na picha za uzinduzi, kamuulize huyo mama stori yake ameisimulia mara ngapi, kwa watu wangapi.

Na tusianze kulaumiana haraka, kwa sababu hii hali ina chanzo chake. Mashirika mengi ya hiari yalizaliwa na mtu au kikundi cha watu kilichoguswa na jambo moja mahususi, sio na "ustawi wa familia" kwa ujumla. Save the Children, kwa mfano, ilianzishwa Uingereza mwaka 1919 na Eglantyne Jebb pamoja na dada yake Dorothy Buxton, kwa sababu watoto wa Ujerumani na Austria walikuwa wanakufa njaa baada ya Vita Kuu ya Kwanza na wao hawakuweza kukaa kimya. Jambo moja, dharura moja. Ila ona kilichofuata: mwaka mmoja tu baadaye, 1920, tayari uliundwa umoja wa kimataifa pale Geneva maana ilionekana wazi shirika la nchi moja haliwezi peke yake, na mwaka 1924 Jumuiya ya Mataifa, iliyotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, ikapitisha Azimio la Geneva la Haki za Mtoto ambalo rasimu yake aliiandika Jebb. Miongo kadhaa baadaye, wakati Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto unaandikwa, mashirika yasiyo ya kiserikali yaliunda kundi lao la pamoja mwaka 1983 ili yaingie kwenye majadiliano na sauti moja badala ya kila mmoja kuja na karatasi yake, na mkataba wenyewe ukapitishwa tarehe 20 Novemba 1989.

Kwa hiyo kushirikiana sio mtindo mpya. Ila kuna kitu hapo. Mashirika yanaelewana vizuri sana kwenye maneno, yaani matamko, mikataba, siku za maadhimisho. Yanapokwama ni Jumanne saa nne asubuhi, mtoto kakaa kwenye benchi, na swali ni nani anampokea.

Rufaa isiyorudi

Hebu tuangalie fomu ya kawaida ya rufaa, yaani ya kumtuma mtu kwa shirika jingine lenye huduma anayoihitaji, maana ndo mahali ushirikiano unapoonekana au unapofia. Juu kuna jina la mtoto, umri, jinsia, jina la mlezi, namba ya simu. Katikati kuna "sababu ya rufaa" na mistari miwili mitatu, mtu anaandika "anahitaji ushauri nasaha" basi. Chini saini, muhuri, tarehe. Nakala moja inabaki kwenye faili, nyingine anapewa mama aipeleke mwenyewe. Na hapohapo, kabla mama hajafika hata getini, shirika la kwanza linatiki kwenye ripoti ya mwezi: familia moja imeunganishwa na huduma.

Sasa mama anafika kule. Siku hiyo hawapokei wapya. Anarudi wiki inayofuata, anaambiwa mradi huu ni wa watoto chini ya miaka mitano na wake katimiza sita mwezi uliopita. Au anapokelewa lakini anaanza upya kabisa, jina, umri, historia, kipigo, kila kitu, mbele ya mtu asiyemjua, kwa sababu ile mistari miwili haikusema chochote. Akikata tamaa asirudi, wale wa kwanza wanadhani anahudumiwa, wale wa pili hawajui kama kuna mtu alikuwa anakuja, na kwenye takwimu za pande zote mbili kila kitu kiko sawa.

Kinachokosekana hapo ni kipande cha kurudi. Fomu inayofanya kazi ina sehemu ya chini inayorudi kwa aliyetuma: alifika lini, kampokea nani, mmekubaliana nini, na kama mlishindwa basi mmeshindwa kwa nini na mmempeleka wapi. Mpaka hicho kipande kirudi, rufaa haihesabiwi. Ni mabadiliko madogo sana kwenye karatasi, ila yanauma kwelikweli, maana ghafla idadi ya "waliounganishwa" inashuka na mkurugenzi anaulizwa mbona imeshuka. Mi naona bora namba ndogo ya kweli.

Na kuna njia nzuri zaidi ya fomu, haina hata gharama: kupiga simu mama akiwa amekaa hapohapo. "Niko na mama hapa, ana binti wa miaka sita hajaanza kusema vizuri, mnapokea? Akija Alhamisi amuulize nani?" Dakika tano. Mama anaondoka na jina la mtu na siku, na wale wa upande wa pili wanajua kuna mtu anakuja, asipotokea wanamtafuta. Wafanyakazi wazoefu wanafanya hivi kila siku bila kuandikiwa kwenye mwongozo wowote, tatizo ni kwamba akihama kazi na ule uhusiano unaondoka naye, ndo maana inabidi iwekwe kuwa utaratibu wa ofisi na sio wema wa mtu.

Halafu ile orodha ya huduma ambayo kila mtandao wa mashirika unaianzisha kwa mbwembwe, na ndani ya mwaka nusu ya namba hazipatikani. Orodha inakufa kwa sababu haina mwenyewe. Apewe mtu mmoja, kila baada ya miezi mitatu anapiga namba zote, na badala ya kuandika maneno mazuri kuhusu dira ya shirika aandike vitu vitatu ambavyo mfanyakazi anavihitaji: mnampokea nani, nani hamumpokei, na foleni ni ya muda gani.

Siri, na woga wa siri

Hili ndo eneo gumu kuliko yote na ndo linalochanganya watu wengi, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Tarehe 25 Februari 2000, mtoto wa kike wa miaka minane aitwaye Victoria Climbié alifariki hospitalini London. Alikuwa kazaliwa Ivory Coast, wazazi wake wakamkabidhi kwa ndugu wa ukoo aliyeahidi kumsomesha Ulaya, na huyo ndugu pamoja na mwanaume aliyeishi naye ndo walimtesa mpaka akafa, wote wawili wakahukumiwa kwa mauaji mwaka 2001. Mwili wake ulikutwa na majeraha 128. Sasa kilichoitikisa Uingereza zaidi ni kwamba huyu mtoto hakuwa amefichwa. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, ripoti ikatoka Januari 2003, ulionyesha alikuwa anajulikana na idara nne za ustawi wa jamii, timu mbili za polisi za ulinzi wa watoto, hospitali mbili, ofisi za makazi, na kituo maalumu kinachoendeshwa na shirika kubwa la hiari la watoto. Kulikuwa na nafasi angalau 12 za kumwokoa. Kila mtu alikuwa na kipande chake, hakuna aliyeviweka mezani pamoja.

Ripoti ile ilitoa mapendekezo 108, na mwaka 2004 ikapita Sheria ya Watoto iliyoweka wajibu wa taasisi za Uingereza kushirikiana. Ila pia ikazaliwa ContactPoint, hifadhidata ya serikali ya watoto wote wa England, karibu milioni 11, yenye jina, anwani, wazazi, shule, daktari, na nani mwingine anamhudumia mtoto huyu. Ilijengwa kwa zaidi ya pauni milioni 200. Ikaanza kutumika 2009, ikafungwa Agosti 2010, haijamaliza hata miaka miwili, kwa sababu watu wengi walikuwa na wasiwasi kwamba taarifa za kila mtoto zimewekwa mahali ambapo mamia ya maelfu ya wafanyakazi wangeweza kuingia, na serikali mpya ikaona hilo ni kupitiliza.

Nimeziweka hizi stori mbili pamoja makusudi. Ya kwanza inafundisha kwamba kukaa kimya kunaua. Ya pili inaonyesha kwamba kumwaga taarifa za kila mtu sehemu moja sio dawa, maana familia zikishaogopa zinaacha kuja, na mtoto ambaye familia yake imeacha kuja ndo yuko hatarini kuliko wote.

Kwa hiyo mstari unapita wapi? Kikawaida wanaojua kazi hii wanatenganisha hali mbili. Kama kuna sababu ya kuamini mtoto anaumizwa au yuko karibu kuumizwa, taarifa inaenda kwa wenye mamlaka ya kumlinda, leo, na ridhaa ya mzazi haisubiriwi, hasa kama mzazi mwenyewe ndo anashukiwa. Hapo kusema "sera yetu ya usiri hairuhusu" ni kujificha nyuma ya karatasi. Hali ya pili ni msaada wa kawaida, lishe, masomo, malezi, ushauri: hapa familia ndo yenye taarifa zake, inaombwa, na inaombwa kwa kueleweka. Sio ile saini ya jumla kwamba "naruhusu taarifa zangu kutumiwa na wadau". Wadau gani? Mama aambiwe shirika fulani litajua kwamba mtoto anahitaji mtaalamu wa kuongea, halitaambiwa habari za ndoa yako, na ukibadilisha mawazo mwezi ujao unaruhusiwa kukataa bila kunyimwa huduma.

Kijana ni kesi nyingine tena. Wa miaka 16 anaweza kuja kwenye kituo cha vijana kwa sababu ndo mahali pekee ambapo hakuna ndugu yake anayefika. Ukichukua alichokwambia ukakipeleka kwenye mkutano wa mashirika ambao mmoja wa wajumbe ni jirani ya mama yake, umemaliza. Hatarudi, na atawaambia wenzake wasije. Ifikapo hapo mtandao wenu unaweza kuwa na hati ya makubaliano yenye mihuri kumi na hauna kijana hata mmoja.

Na jamani, yale magrupu ya WhatsApp. Mfanyakazi anatupia picha ya mtoto, jina kamili, anakoishi na alichofanyiwa, kwenye grupu la watu 80 ambao nusu walishaacha kazi, eti "naombeni msaada wa haraka". Nia ni njema kabisa. Lakini hiyo picha haitafutika tena, na mtoto atakua atakuwa mtu mzima. Grupu litumike kuuliza "nani anapokea mtoto wa miaka sita mwenye changamoto ya kuongea, eneo la kaskazini", jina likafuata kwenye simu ya watu wawili.

Hela ndo inatawanya

Watu wanapenda kusema mashirika hayashirikiani kwa sababu ya ubinafsi wa viongozi. Ubinafsi upo. Ila ukiangalia jinsi hela zinavyokuja utaona hata malaika angeshindwa. Mashirika matano eneo moja yanaandika andiko kwa mfadhili mmoja, atashinda mmoja. Halafu mfadhili huyohuyo anaweka sharti kwamba uonyeshe ushirikiano na wenzako, yaani wale uliowashinda jana. Ushirikiano wa namna hii mara nyingi unaanza siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho, barua za kuunga mkono zinaombwa kwa simu, nembo zinapangwa chini ya ukurasa, na hela ikitoka shirika kubwa linalosimamia linabaki na gharama za uendeshaji huku vile vikundi vidogo, ambavyo ndo vinajua nyumba kwa nyumba, vinapewa bajeti ya semina na nauli.

Kuhesabu nako kuna vituko. Mtoto mmoja anapata chakula kwa shirika A, masomo ya jioni kwa shirika B, mama yake yuko kwenye kikundi cha malezi cha shirika C. Mwisho wa mwaka A ana mtoto mmoja, B ana mtoto mmoja, C ana familia moja, ukijumlisha unapata watu watatu waliosaidiwa. Mtoto akifaulu mtihani, kila mmoja anaandika kuwa ni matokeo ya mradi wake. Sio uongo moja kwa moja, kila mmoja alichangia, ila mfumo unawalazimisha kugombania mtoto badala ya kugawana kazi.

Kuna waliojaribu kuligeuza hili. Cincinnati, Marekani, mwaka 2006 ulianza mpango ulioitwa Strive, uliowakutanisha viongozi zaidi ya 300 wa mashirika, shule, vyuo na serikali za mitaa kuhusu safari nzima ya mtoto, kuanzia kabla hajaingia shule mpaka anapata kazi. Badala ya kila mmoja kupima cha kwake walikubaliana vipimo vya pamoja, mfano watoto wangapi wanaanza shule wakiwa tayari, wangapi wanasoma vizuri ifikapo darasa la nne. Mwaka 2011 John Kania na Mark Kramer, washauri wa mashirika ya kijamii, waliuandika mfano huo wakataja mambo matano yanayofanya ushirikiano wa hivyo usimame: ajenda moja, vipimo vya pamoja, kazi zinazotegemeana bila kila mmoja kufanya kilekile, mawasiliano ya mara kwa mara, na timu ndogo ya kudumu ambayo kazi yake ni kuratibu tu.

Hilo la tano ndo watu wanaliruka, na kwa maoni yangu ndo lenye uzito kuliko yote manne ya mwanzo. Kuratibu ni kazi. Kuita mkutano, kuandika kilichokubaliwa, kumkumbusha aliyeahidi, kufuatilia rufaa ambazo hazikurudi, kupatanisha waliokoseana. Ukimpa mtu afanye hayo baada ya saa za kazi yake halisi hayatafanyika, na hayatafanyika kwa miaka. Lakini mfadhili akiona mstari wa mshahara wa mratibu anauliza, huyu anamhudumia mtoto gani? Hamhudumii mtoto yeyote, anafanya wengine 20 wahudumie.

Mfano wa Cincinnati nao ulikosolewa, tena kwa haki. Wakosoaji walisema ulianzia juu, kwenye viti vya wakurugenzi, wakati familia zenyewe hazikuwa mezani, na vipimo vilichaguliwa na watu ambao watoto wao hawasomi kwenye hizo shule. Baadaye hata waliouandika walirudi kuurekebisha na kuweka suala la usawa katikati. Ndo hapo tunapofika kwenye jambo ambalo kwa mpangilio wa haki lingekuja kwanza.

Nani yuko chumbani

New Zealand mwaka 1989 ilipitisha sheria ya Watoto, Vijana na Familia zao, na humo ndani kuna utaratibu unaoitwa mkutano wa ukoo wa familia, uliochota sana kwenye desturi za Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, baada ya ripoti ya miaka ya 1980 kuonyesha jinsi mfumo wa ustawi wa jamii ulivyokuwa unawatenda vibaya. Unavyokwenda ni hivi. Kukiwa na wasiwasi mkubwa kuhusu mtoto, mratibu anaita familia pana, mababu, mashangazi, wajomba, sio wazazi tu. Wataalamu na mashirika wanaeleza wanachokijua na msaada walio nao. Halafu wanatoka nje. Ndiyo, wanatoka, mlango unafungwa, familia inabaki yenyewe inazungumza na kutengeneza mpango wake, na wakiitwa tena kazi yao ni kuangalia kama mpango huo utamweka mtoto salama, na kama ni salama basi wauunge mkono kwa kile walicho nacho. Utaratibu huu umesambaa nchi nyingi baadaye.

Ukilinganisha na mikutano mingi ya mashirika utaona tofauti. Pale wataalamu wanane wanakaa saa mbili wanajadili familia ambayo haipo, kila mmoja anasema alichofanya, muhtasari unaandikwa "wadau waendelee kufuatilia". Nani? Lini? Muhtasari wenye maana una safu tatu tu: nini kinafanyika, anafanya nani kwa jina, kabla ya tarehe gani. Na juu kabisa jina la mtu mmoja ambaye familia inampigia, mmoja, haijalishi mashirika ni mangapi. Mtu huyo si lazima awe mwenye cheo. Mara nyingi anafaa yule ambaye familia imeshamzoea, hata kama ni volontia wa kikundi kidogo, mradi apewe mamlaka ya kuwauliza wakubwa "mliahidi nini" na wakajibu.

Gharama ya kutokukubaliana

Kuna wanaoona haya yote ni urasimu, kwamba kila mmoja akifanya wema wake kwa wakati wake jumla itakuwa wema mwingi. Historia ya Maziwa Makuu inasema vingine. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, na wimbi la wakimbizi kumiminika Goma na kwingineko, watoto zaidi ya 100,000 waliandikishwa wakiwa wamepotezana na wazazi wao. Mashirika chungu nzima yalifika, mengi kwa moyo safi, mengi yakafungua vituo vya watoto. Sasa kituo kikiwa na chakula na dawa kuliko hema la familia, mzazi aliyekata tamaa anafanya hesabu: nikimwacha mtoto pale atakula. Vituo vilivyofunguliwa kuokoa watoto waliotengana na familia zao vikawa vinatengeneza wengine. Hakuna shirika moja lililokosea kiasi hicho peke yake, kila mmoja alikuwa anajaza pengo aliloliona mbele yake.

Pamoja na hayo, hapohapo ndo palijengwa kazi nzuri ya kutafuta familia kwa pamoja, taarifa za watoto kutoka mashirika tofauti zikalinganishwa ili aliyeandikishwa kambi hii apatane na mama anayemtafuta kambi ile. Mwaka 2004 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, UNHCR, UNICEF, International Rescue Committee, Save the Children ya Uingereza na World Vision wakatoa kanuni za pamoja kuhusu watoto waliotengana na familia: familia kwanza, ndugu wasitenganishwe, vituo viwe hatua ya mwisho na ya muda, msaada umfuate mtoto aliko badala ya kumvuta aondoke nyumbani. Hizo kanuni ziliandikwa na watu waliokwishaona kinachotokea zikikosekana.

Mipaka yake

Hapa kuna hatari upande wa pili pia, nigusie tu. Sio kila shirika liungane na kila shirika. Kufahamiana na kujua nani anafanya nini kunawatosha wengi, kupeana rufaa zinazorudi kunawatosha wengi zaidi, na wachache tu ndo wanahitaji kuendesha programu moja yenye bajeti moja. Kuunganisha kila kitu kunaua vile vikundi vidogo vyenye imani ya watu, na pia kunamwondolea mama uchaguzi, maana akigombana na ofisi moja basi amegombana na zote. Na serikali isije ikaona mashirika yanashirikiana vizuri ikajitoa kimyakimya. Kumwondoa mtoto kwenye hatari, mahakama, shule, matibabu, hayo yana mwenyewe kisheria, mashirika ya hiari yanasogea pembeni yake na kupiga kelele pale anapolala.

Kama mashirika matatu tu eneo moja yanataka kuanza, yasianze na katiba ya mtandao na nembo. Yachague familia kumi ambazo yote matatu tayari yanazihudumia, kwa ridhaa yao, wakae nazo waandike nani anafanya nini, wakubaliane mtu mmoja wa kupigiwa simu kwa kila familia, wakutane kila wiki mbili kwa saa moja kuangalia rufaa ambazo hazikurudi. Ndani ya miezi michache watajua wapi wanapishana na wapi wote wanaacha tundu, na hapo ndo wakaandike makubaliano, wakiwa na kitu cha kuandika.

Na kwenye hayo makubaliano kuna kipengele kimoja ambacho karibu kila mara kinasahaulika: mradi ukiisha inakuwaje. Moja kati ya hayo mashirika litaishiwa hela kabla ya mengine, hilo ni uhakika, swali ni lini. Kwa hiyo iandikwe mapema, miezi mitatu kabla ya kufunga familia zinaambiwa kwa mdomo na sio kwa tangazo getini, faili linaenda wapi na nani ameruhusu, na simu ya yule mtu wa kupigiwa inapokelewa na nani kuanzia tarehe ngapi.